Bwawa Lisilo na Vyura

Wiki niliyorudisha funguo za ofisi, wakaguzi wawili vijana waliniuliza habari za bwawa la Nyansurura. Walikuwa wamezisikia vipande vipande, na kila kipande kilikuwa kimeongezewa chumvi njiani. Mmoja aliambiwa samaki wa pale walikuwa wanaita watu kwa majina. Mwingine aliambiwa nilikimbia nikaacha viatu ukingoni. Samaki hawakumwita mtu, na viatu ninavyo mpaka leo. Lakini yaliyotokea yalitosha bila kuongezewa, na kwa kuwa sasa muda ninao, nayaandika kama yalivyokuwa, ili mnaobaki na kazi hii myapate kwa mtu aliyekuwepo.

Nimezaliwa Nyarero, kwenye nyumba ya ng'ombe. Samaki kwetu alikuwa kitu kinachokuja juu ya baiskeli, kimekauka, kimefungwa kwenye gazeti. Nilipomaliza chuo nikarudi kumwambia baba kwamba kazi yangu ni kuwafundisha watu kufuga samaki, aliniuliza wanachungwa na nani. Nikamwambia wanakaa tu kwenye maji. Akasema basi hiyo si kufuga, hiyo ni kuweka akiba.

Miaka yangu ya kwanza nilikuwa afisa ugani. Kilimo hai, yaani kisichotumia kemikali, kilikuja baadaye, vikundi vya wafugaji wa Tarime na Serengeti vilipoanza kutaka kuuza sato kwenye hoteli za watalii. Hoteli zilitaka uhakika: kwamba vifaranga hawakulishwa homoni ili wote wawe madume, kwamba chakula hakina dawa, kwamba maji yanatoka mahali safi, na kwamba ardhi ya bwawa historia yake inajulikana. Mkaguzi ndiye anayekwenda kuyaona hayo kwa macho yake. Akiridhika, kikundi kinapata cheti, na kila boksi la samaki linabandikwa lebo.

Lebo ya kwanza ilituaibisha. Iliandikwa kwa herufi kubwa SAMAKI HAI. Boksi moja likafika sokoni Mugumu, mama mmoja akalifungua, akakuta samaki kwenye barafu, macho meupe. Akamwita muuzaji mwizi mbele ya watu wote. "Imeandikwa hai na imekufa! Mnadhani hatujui kusoma?" Ilibidi zichapishwe nyingine.

Aliyenifundisha ukaguzi ni Mzee Magesa, mtu mrefu, mkimya, aliyekuwa akibeba vifaa vyake vyote kwenye begi la shule la mwanawe. Kipima oksijeni alikivika soksi kisigongwe. Alikuwa na sahani yenye rangi nyeusi na nyeupe ya kupimia uangavu wa maji, chupa za sampuli, wavu mdogo, na bomba refu la plastiki la kuchotea tope la chini. Siku yangu ya kwanza tulikwenda kwenye bwawa moja hapo hapo Nyarero, nikatoa kalamu nianze kuuliza maswali. Akaniambia nikae chini. Tukakaa kwenye majani, mwenye bwawa anatushangaa, mpaka miguu ikaanza kufa ganzi.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Sijasikia kitu, mzee."

"Sikiliza tena."

Nikasikiliza. Vyura, kerengende wanapiga mabawa, mdiria kwenye tawi, samaki wanadonoa juu ya maji, nzi, mbuzi mbali. Bwawa zima lilikuwa na kelele kama gulio. Akasema: "Karatasi utajaziwa na mtu. Hii kelele hakuna anayeweza kukujazia." Ndipo tukaanza kazi. Alikuwa pia na sharti la kutokula kitu kwa mtu unayemkagua zaidi ya chai, na huku kwetu kukataa ugali wa watu ni kazi ngumu kuliko kukagua.

Kesi zilizofuata nyingi zilikuwa za kawaida. Tarime nilimkuta bwana mmoja ameficha chakula chenye homoni ndani ya kopo la maziwa ya mtoto, na nyumba ile haikuwa na mtoto. Mnunuzi mmoja wa Sirari alinibembeleza nimpe lebo za ziada: "Madam, si ni sticker tu? Niongezee kidogo, mimi nitajisort." Hizo ni kesi za binadamu, unazizoea. Nyansurura haikuwa hivyo.

Kikundi cha Nyansurura kiliomba cheti wakati Mzee Magesa ameshastaafu. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Wambura, mtu wa kanisani, mpole, ambaye bwawa lake ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Nilifika mchana, mvua imetoka kukatika, jua limerudi, ardhi inatoa mvuke. Akanipokea vizuri. Mke wake, Mama Sasi, akatoa viti. Mkwe wao, Nyangeta, ndiye aliyekuwa anatunza bwawa. Mume wake, Sasi, alikuwa dereva wa lori na mara nyingi alikuwa safarini. Nyangeta alikuwa binti mwembamba. Alinisalimia shikamoo huku ameinamisha kichwa, kisha akatangulia kunionyesha njia. Niliona kwamba Mama Sasi alimpisha kwa kusogea pembeni, kama unavyompisha mtu aliyebeba kitu cha moto.

Bwawa lilikuwa zuri. Kingo zimepandwa nyasi, maji yanaingia kwa mfereji kutoka chemchemi, tope halionekani. Nikamwambia Nyangeta aniache nikae. Nikakaa kama nilivyofundishwa.

Sikusikia kitu.

Mwanzoni nilidhani ni masikio yangu, yameziba kwa upepo wa pikipiki. Nikayasugua. Nikasikia mtu anapasua kuni kwa jirani, nikasikia kuku. Masikio yalikuwa mazima. Ila kwenye bwawa hapakuwa na sauti. Mvua imetoka kunyesha, msimu wa vyura, na hakuna chura hata mmoja. Hakuna kerengende. Hakuna wale wadudu wanaotembea juu ya maji. Yangeyange walikuwa kwenye shamba la jirani, weupe, wanakula, na hakuna aliyeuvuka mpaka. Nikajikuta napumua taratibu, kama mtu aliyeingia chumba chenye maiti.

Nikasimama, nikasogea ukingoni, kivuli changu kikaanguka majini. Kila aliyewahi kufuga sato anajua kitakachotokea: maji yanachafuka ghafla, wanatawanyika kwenda chini. Hawa hawakutawanyika. Walipanda. Taratibu, mmoja mmoja, wakubwa, wanene, wakaja wakasimama chini ya kivuli changu midomo ikiwa wazi, wakabaki hivyo. Nikatikisa mkono. Hawakusogea. Nikachovya wavu, nikamgusa mmoja ubavuni, akainama upande kama mlevi, kisha akarudi polepole mahali pake.

"Wako hivi siku zote?" nikamuuliza Nyangeta.

"Siku zote, mama."

"Na vyura?"

Akatazama nyumbani kwanza, kuona kama kuna anayesikia. "Wanasema nimewanyamazisha mimi."

Hapo ndipo nilipoyajua mengine. Tangu aolewe mimba mbili zilikuwa zimeharibika, zote zikiwa kubwa, na watoto hao walizikwa nyuma ya nyumba. Bwawa lilichimbwa mwaka alioingia. Kwa hiyo watu walijumlisha. Mke mgeni kutoka Nyambureti, bwawa lisilo na sauti, watoto wasiofika. Mama Sasi aliacha kula chakula kilichopikwa naye. Majirani waliacha kuteka maji baada yake. "Samaki nakula peke yangu," akasema Nyangeta. "Wao hawali. Mimi ndiyo mboga yangu kila siku."

Nikapima oksijeni: nzuri. Nikapima uangavu: mzuri. Chakula kilikuwa pumba na mashudu ya alizeti, vinatoka mashine ninayoijua. Vifaranga hawakuwa wa homoni. Kila kitu kilikuwa sawa. Mwisho nikachukua bomba la plastiki, nikalisukuma kwenye tope la chini upande wa juu wa bwawa, nikaziba mdomo wa bomba kwa kiganja, nikalivuta. Tope likatoka jeusi kama kawaida, lakini mwisho wake ulikuwa na rangi ya kijivu inayong'aa kidogo. Nikalinusa.

Nilikuwa mtoto tena, Nyarero, nimeshika mkia wa ndama, baba anapiga mluzi, ng'ombe wanarukia majini mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa harufu ya josho, lile shimo la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Si dawa za siku hizi. Ile ya zamani, kali, inayofanana na utomvu wa msonobari uliochanganywa na mafuta ya taa, ambayo ilipigwa marufuku mimi nikiwa bado shuleni.

Nikamwuliza Mzee Wambura: "Hapa palikuwa na josho?"

Akafikiri. "Mimi sikulikuta. Kiwanja hiki kijiji kilinipa kwa sababu hakuna aliyekitaka. Walisema zamani ng'ombe wa watu walikufa hapa wengi kwa mara moja, na pasichimbwe. Mimi nimeokoka, mwalimu. Nikasema hayo ni mambo ya giza, nikachimba."

Tope lilikwenda maabara. Wakati tunasubiri majibu, nilirudi na kumwomba Mzee Wambura anitafutie watu wa kuchimba kwenye ukingo wa juu, pale bomba lilipotoa harufu. Walichimba asubuhi nzima. Sululu ikagonga kitu. Wakasafisha kwa koleo, na saruji ikaanza kujitokeza: ukuta, kisha ukuta wa pili, mfereji mwembamba wa upana wa ng'ombe mmoja. Mwanzoni mwake palikuwa na mteremko. Saruji ya mteremko ule ilikuwa imekanyagwa kabla ya kukauka, na nyayo za kwato zilikuwa zimebaki ndani yake, nzima, kana kwamba ni za jana. Zote zilielekea chini. Hakukuwa na hata moja inayopanda.

Wachimbaji waliweka vifaa vyao chini bila kuambiana. Mmoja alivua kofia. Mimi najua sababu: fundi alipitisha ng'ombe mapema, basi, na ng'ombe kwenye josho huingia upande huu na kutokea upande wa pili. Niliwaeleza hivyo. Sauti yangu niliisikia inatoka ndogo. Walinitazama kwa heshima na hawakushika tena sululu siku ile.

Majibu ya maabara yalithibitisha pua yangu. Dawa ya zamani, nyingi, imelala kwenye udongo na inapanda kwenye maji kidogo kidogo. Wadudu wanakufa, viluwiluwi wanakufa, ndege wanakosa chakula wanahama. Samaki mkubwa anaweza kuishi nayo, ila inamharibia mishipa ya fahamu na kujikusanya kwenye mafuta yake. Daktari wa Mugumu niliyemwuliza kuhusu mimba za Nyangeta alisema hawezi kuapa kwamba ndiyo sababu. Alisema tu: "Asile tena. Hata leo."

Mkutano wa kikundi ulifanyika kwenye darasa la shule, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Nilisoma majibu. Nilisema bwawa la mwenyekiti halipati cheti, na mabwawa ya majirani yatasubiri mpaka udongo wao upimwe. Kelele ilianza.

"Umekuja kutuharibia!" akasema mtu mmoja wa nyuma. Mwingine akasimama kwa utulivu zaidi, na huyo ndiye aliyenitisha. "Mwalimu, hatugombani. Lebo tunakuachia. Hao samaki tutawapeleka gulioni bila lebo. Gulioni hakuna anayeuliza cheti."

Watu wakaitikia. Na kweli, mamlaka yangu yaliishia kwenye lebo. Ningeweza kwenda kwa afisa afya wa wilaya, na ningekwenda, lakini wavu ungeshatupwa majini kabla pikipiki haijafika Mugumu. Nikamtazama Mzee Wambura. Alikuwa ameinamia mikono yake.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Nyangeta. Hakuwa mwanakikundi, bwawa lilikuwa kwa jina la baba mkwe. Alikuwa amebeba sufuria kwa kitambaa. Akaiweka kwenye meza ya mwalimu, akafunua. Sato wa kukaanga, wamepangwa vizuri, na nyanya pembeni.

"Karibuni," akasema.

Watu wa mbele wakajivuta nyuma kwenye madawati.

"Nimewapika kama ninavyopika kila siku. Watoto wangu wawili nimewazika nyuma ya nyumba ile. Mkitaka kuwapelekea watu gulioni, anzeni ninyi hapa. Karibuni, baba zangu."

Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye sufuria. Harufu ilikuwa nzuri, hilo ndilo sijalisahau. Ilikuwa harufu ya chakula cha mchana. Darasa zima likanyamaza, na ukimya ule niliutambua. Ulikuwa ule ule wa pale bwawani. Yule mtu wa gulioni akakaa polepole. Mama Sasi alikuwa dirishani, nje, pamoja na wanawake wengine, amejifunika mdomo kwa khanga.

Mzee Wambura akasimama. "Chimbeni shimo," akasema. "Mbali na mfereji. Mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kushika jembe."

Tuliwazika samaki kesho yake, afisa afya akiwepo, kwenye shimo refu lililomwagwa chokaa. Nimeshatoa samaki majini maisha yangu yote. Samaki akitolewa hupigapiga, anaruka, anakurushia tope usoni. Hawa walimwagwa kwenye turubai na wakalala. Midomo ilifunguka na kufungika pamoja, taratibu, na waliendelea hivyo muda mrefu kuliko samaki anavyopaswa. Mzee Wambura aliomba kuanza kufukia kabla hawajaisha, kwa sababu hakuweza kuendelea kuwatazama. Nilimwambia tusubiri. Tukasubiri, tumegeuza migongo, watu wazima wote.

Nilipokuwa nafunga begi kwenye pikipiki, Mama Sasi alikuja. Alisimama akinitazama kama anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Kwa hiyo si yeye?"

"Si yeye, mama."

"Sasa nani atamwambia?"

"Ni wewe, mama. Mwingine hawezi."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakwenda. Ninajua hakwenda kwa sababu wiki ile ile Nyangeta aliondoka. Mzee Wambura alimsihi mbele ya wazee, akasema wazi kwamba nyumba yake ilimkosea. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kuchukua sampuli za majirani. Nyangeta alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono imeshikana mbele.

"Baba, nimekusikia," akasema. "Maji mmeyapima. Udongo mmeupima. Hayo maneno mliyonisema miaka yote hii, yatapimwa na nani?"

Akajitwisha mzigo wake. Sasi alimfuata Nyambureti baadaye na wakakaa huko. Wakwe ndio waliokwenda kutembea kwao, si yeye kurudi.

Mabwawa ya majirani yalipimwa, yakawa salama, kikundi kikapata cheti chake bila bwawa la mwenyekiti. Mzee Wambura alijiuzulu uenyekiti mwenyewe. Josho lilizungushiwa uzio na kufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi kwa maelekezo ya wataalamu. Mimi niliendelea na kazi, na tangu hapo kwenye kila ukaguzi niliuliza ng'ombe wa kijiji walikuwa wanaogeshwa wapi zamani. Vijana, liulizeni na ninyi, na msiwaulize wenye bwawa peke yao.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipangiwa Nyambureti. Jina la Nyangeta lilikuwepo kati ya waombaji. Nilimkuta amenenepa kidogo, sauti imefunguka, na mtoto wa kike anayekimbia huku na huku ambaye aliniamkia kwa kelele. Bwawa lake lilikuwa dogo na lilikuwa na fujo zote zinazotakiwa. Nilipolikaribia samaki walikimbia. Nilikaa ukingoni muda mrefu kuliko kawaida, siyo kwa kazi.

Aliniletea chai. Nikamwambia amefaulu. Akashukuru, akakaa karibu yangu, tukatazama maji.

"Mama," akasema, "kuna jambo sikukuambia kule Nyansurura. Wale samaki walikuwa wanakuja hata bila kivuli. Nikitoka tu mlangoni, nikiwa bado mbali, naona maji yanapanda. Wote wanageukia nyumba. Nikienda shamba la chini, wanageukia shamba. Nikalizoea. Ikafika mahali nikawa nawaeleza mambo yangu. Watoto wale wawili niliwapa majina, na majina hayo waliyajua wale samaki peke yao."

Dawa inaharibu mishipa, nilitaka kusema. Samaki aliyeharibika mishipa hawezi kumfuata mtu kutoka mbali. Hawezi hata kukimbia wavu. Nikaliacha jibu hilo.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

Nyangeta aliitazama fomu yangu iliyokuwa magotini, imejaa alama za vema kutoka juu mpaka chini.

"Ungeandika wapi?" akasema.